Katogota Ilipie Filamu Yake

Nianze na neno litakalowaudhi marafiki zangu wengi wenye kamera mjini Uvira, mashariki ya Kongo: sisi hatuna sinema, tuna miradi. Tuna filamu za dakika kumi na mbili kuhusu kunawa mikono, kuhusu kipindupindu, kuhusu binti kubaki shuleni, kuhusu kijana aliyerudisha bunduki akapewa cherehani. Zinaanza kwa nembo tatu na kumalizika kwa nembo nne. Zinaonyeshwa bure kwenye uwanja wa shule, watazamaji wanapigwa picha, picha zinaingia kwenye ripoti, ripoti inakwenda Ulaya, na mwezi unaofuata kamera inarudi kwenye sanduku la ofisi kwa sababu fedha zimekwisha. Yule tuliyemwita mtengenezaji filamu anarudi kwenye video za harusi na ubatizo, akisubiri tangazo jingine la warsha.

Sina ugomvi na kunawa mikono. Kipindupindu kimetuzikia watu mwaka baada ya mwaka, na anayewafundisha watu kuchemsha maji anafanya kazi njema. Ugomvi wangu ni na udanganyifu wa kuiita kazi hiyo sinema huru. Filamu ambayo mlipaji wake yuko Brussels au Geneva, mtazamaji wake yuko Luvungi, na mtengenezaji wake yuko katikati akipokea posho ya siku, haina uhuru wowote. Aliyelipa ndiye aliyechagua mada. Ndiye aliyeamua nani asitajwe. Ndiye mwenye haki ya kuifungia kabatini. Na mtazamaji ambaye hakulipa hana hata haki ya kusema kwamba filamu ni mbaya. Amepewa bure, atasemaje?

Mkitaka kuona hasara yake, itazameni Katogota.

Kijiji hiki kiko kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, milima upande mmoja na mto Ruzizi upande wa pili. Msafiri wa Bukavu kwenda Uvira anakipita kwa dakika chache. Tarehe 14 Mei 2000, bonde lote la Ruzizi likiwa chini ya waasi wa RCD, raia makumi waliuawa hapo, wanawake na watoto wakiwamo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile iliyoorodhesha matukio 617 ya kuanzia 1993 hadi 2003, inalitaja tukio hilo kwa mistari michache, kisha inaendelea na mengine. Waliofiwa wamebaki na tarehe yao na makaburi yao.

Wiki tatu baada ya Katogota, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka huohuo, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Vita vya Siku Sita. Wakazi waliopoteza miguu na mikono kwa mabomu yale walidai fidia miaka na miaka, mwishowe wakateremka mto Kongo hadi Kinshasa kwenda kudai haki yao ana kwa ana. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani aliyezaliwa mwaka 1984, alisafiri nao akiwa na kamera yake. Filamu iliyotoka humo, En route pour le milliard, ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Leo mtu wa Lagos au wa Montreal anaweza kuwaona watu wale kwa nyuso zao, wakiimba, wakigombana wao kwa wao, wakilowa mvua juu ya sitaha, wakidai. Katogota nani ameipigia picha? Nchi ni moja, vita ni vilevile, na tofauti ya tarehe ni wiki tatu tu. Lakini Kisangani ilikuwa na mwana wake aliyejenga kampuni yake mwenyewe ya filamu, Kiripifilms, akakaa mezani na washirika wa Ufaransa na Ubelgiji akiwa mwenye mali. Hakukaa kama mpagazi wa mikoba yao.

Jaribu wewe kuipeleka Katogota kwenye ofisi yoyote ya ufadhili. Utaambiwa hadithi ni nzuri, ila ni nyeti. Utaombwa uongeze upatanisho kabla watu hawajalia. Utaombwa utoe majina. Utaambiwa wafadhili mwaka huu wanapenda mazingira na vijana, kwa hiyo labda uiandike upya, mjukuu wa marehemu awe anapanda miti. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena kutoka kwa watu wema, watu wenye digrii, watu wanaotupenda kweli. Wema wao haubadilishi kitu. Fedha ina masharti ya aliyeitoa, na asiye na fedha nyingine atatii.

Na tukinyamaza, wengine watakuja kusimulia. Mutarule, bonde hilihili, zaidi ya watu 30 waliuawa usiku mmoja mwezi wa Juni 2014. Mwaka uliofuata mwongozaji wa Uswisi, Milo Rau, aliitisha baraza la mashahidi mjini Bukavu, kisha Berlin, na kesi ya Mutarule ikawa mojawapo ya zilizosikilizwa. Filamu ikatoka mwaka 2017. Ni kazi ya heshima na mimi naiheshimu, kwa kuwa iliwapa mashahidi kiti na kipaza sauti. Lakini mwenye filamu ni nani? Nani anaamua ionyeshwe lini na wapi? Mama wa Mutarule akitaka wajukuu wake waione, amwendee nani? Goma wamekwisha kulijibu swali hili kwa vitendo. Mholanzi mmoja alipotengeneza filamu kuhusu namna wazungu wanavyotupiga picha, Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa walichukua picha zilezile wakatengeneza filamu yao ya kumjibu, Stop Filming Us But Listen, mwaka 2022. Na kabla yao Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wa Yolé!Africa walikwisha kuwafundisha vijana wa Goma kushika kamera kwa miaka mingi. Goma wameanza kuijibu dunia. Sisi wa Uvira bado tunaomba ruhusa ya kuongea.

Msidhani kwamba mazoea ya sinema ya bure yenye mahubiri yameletwa na mashirika yasiyo ya kiserikali, yale tunayoyaita ONG. Yametoka kwa Wabelgiji. Katika miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst alikuwa Luluabourg, Kananga ya leo, akitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili ili kuwafunza Wakongo adabu na bidii. Kwetu Kivu, Mapadre Weupe wa Bukavu walikuwa na Africa Films yao. Pazia lilitandikwa, wanakijiji wakaketi chini, picha ikatembea, somo likatolewa, gari likaondoka. Mkongo alikuwa mwanafunzi mbele ya pazia. Hakuna aliyewaza kwamba angeweza kuwa mteja wake, seuze mmiliki. Uhuru ulipatikana mwaka 1960. Gari la pazia bado linakuja vilevile, limebadilisha nembo tu ubavuni.

Sasa wapinzani wangu wanasema: watu wa bonde ni maskini, hawana mazoea ya kulipia picha. Huo ni uongo, na Sange ndiyo shahidi. Usiku wa Ijumaa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka, likaua zaidi ya watu 230. Wengi miongoni mwao walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia. Naandika haya kwa heshima ya marehemu na jamaa zao. Nayataja kwa sababu msiba ule uliionyesha dunia nzima kitu ambacho kila mtoto wa bonde alikuwa akikijua: gizani, katika mji mdogo wa wakulima, watu walitoka nyumbani kwao wakaenda kukaa bega kwa bega mbele ya televisheni iliyowashwa kwa jenereta. Ile ilikuwa sinema. Watazamaji tunao. Wamekuwapo siku zote, wanalipia mpira, wanalipia filamu za Kichina na za Kinigeria zilizotafsiriwa juujuu, wanalipia ngumi za Wamarekani. Ambacho hawajawahi kulipia ni filamu ya Luberizi, kwa sababu filamu ya Luberizi hawajawahi kuuziwa na mtu yeyote.

Tazameni Wakaliga, kitongoji cha Kampala chenye matope na msongamano kama wa mtaa wetu wa Mulongwe, Uvira. Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha hapo Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inasemekana ilitengenezwa kwa chini ya dola 200. Bunduki zilikuwa za mabaki ya vyuma na mbao, kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande alivyookota, waigizaji walikuwa majirani. Somo kubwa kwetu liko kwenye mauzo. Waigizaji walewale waliokufa na kufufuka ndani ya filamu walichukua diski mkononi wakapita mlango kwa mlango, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, wakauza kabla ya wezi wa nakala hawajaamka. Walijua wana siku chache tu, wakazitumia. Kila aliyeuza alipata sehemu yake. Hawakungojea sheria iwalinde, hawakungojea waziri. Dunia ilipokuja kuwajua kupitia intaneti, mwaka 2015 waliomba mchango wa dola 160 kwa filamu mpya, wakapewa zaidi ya 13,000. Walipewa kwa sababu walikwisha kuwa na kitu. Fedha za nje zilikuja juu ya biashara iliyokuwa ikitembea kwa miguu yake, wala hazikuamua hadithi iwe nini.

Wakaliga wanatupa na onyo pia. Nakala safi ya filamu ile ilipotea. Nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo, ikabidi waifute ili watengeneze filamu iliyofuata, na tunachokiona leo kimetokana na diski iliyouzwa mitaani. Vijana wa Uvira, nunueni diski ngumu mbili kabla hamjanunua lenzi ya pili. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa shangazi mlimani ambako Ziwa Tanganyika halifiki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe ukabomoa maelfu ya nyumba, na baada ya hapo ziwa likapanda likaingia Kavimvira. Anayehifadhi kazi yake yote katika chumba kimoja pale ufukweni ameamua kuipoteza.

Tufanye hesabu, na kila mtu aichukue kama makisio ya kujaribia. Ramani ya biashara yetu ni barabara moja: Kamanyola, Katogota, Luvungi, Bwegera, Luberizi, Mutarule, Sange, Runingu, Kiliba, Kavimvira, Mulongwe, Kalundu, kisha kusini Makobola, Mboko na Baraka. Vituo 15. Kila kituo onyesha mara nne, kila mara waingie watu 80, kiingilio franka 500. Hiyo ni franka 2,400,000. Theluthi moja mpe mwenye kibanda, mpe kwa moyo mweupe, maana yeye ndiye mwenye paa, jenereta na wateja. Theluthi nyingine itakwenda kwa petroli, pikipiki, chakula na yale yasiyotajwa ya njiani. Unabaki na franka 800,000, karibu dola 300 kulingana na bei ya dola siku hiyo. Haijengi nyumba. Lakini ni zaidi ya fedha iliyotengeneza Captain Alex, na imetoka mifukoni mwa watu wa bonde bila nembo hata moja. Filamu ya pili imekwisha kulipiwa kabla hujaandika barua ya kuomba.

Filamu moja kwa mwaka haiwezi kumlisha mtu. Ninasema wazi, kwa sababu wengi wanaingia kazini wakiota filamu moja kubwa itakayowatoa. Biashara hii inataka filamu tatu au nne kwa mwaka, fupi, kali, zenye waigizaji ambao watu wanawajua kwa sura na wanataka kujua mkasa wao unaofuata. Harusi na ubatizo visidharauliwe: ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba na kununua betri, na mtu asione haya kuvifanya. Msimu wa matokeo ya mtihani wa taifa, vijana wanapomwagiwa puda nyeupe na kuzungushwa mitaani, familia ngapi zingelipia kumbukumbu iliyopigwa vizuri? Wafanyabiashara wa mabati, wa mchele, wa simu, wote wanatafuta namna ya kuonekana, na dakika moja kabla ya filamu inauzika. Haya yote ni mapato ya mtengenezaji filamu ambaye amekubali kuwa na duka lenye mlango, daftari la hesabu na jina linaloheshimika mtaani.

Halafu kuna yule kijana wa kibanda cha kuchaji simu, anayepakia nyimbo na filamu kwenye memori kadi kwa franka mia chache. Tunamwita mwizi. Tunataka akamatwe. Mimi nasema huyo ndiye msambazaji bora tuliye naye kutoka Kamanyola hadi Fizi: anajua wateja wake kwa majina, yuko wazi alfajiri hadi usiku, hahitaji mshahara. Mpelekee filamu wewe mwenyewe siku ya kwanza, ikiwa safi kuliko ya wizi, mkubaliane nusu kwa nusu, akutumie fungu lako kwa M-Pesa au Airtel Money kila Jumamosi. Atakudanganya hesabu? Baadhi watakudanganya. Lakini nusu ya hesabu ya uongo ni zaidi ya sifuri tunayoipata leo.

Jambo ninalotaka kulisema kwa sauti kubwa kuliko mengine yote ni la hatimiliki. Dar es Salaam ilikuwa na soko ambalo sisi tuliliota. Steven Kanumba alijaza vyumba vya video kutoka Tanga hadi Kigoma, na filamu za Bongo zikavuka ziwa hili zikafika kwetu, kwa Kiswahili chetu, bila senti moja ya ufadhili. Alipofariki Aprili 2012 akiwa kijana wa miaka 28, hata ng'ambo hii ya ziwa watu walimlilia. Lakini mfumo wa soko lile ulikuwa huu: mtengenezaji anapeleka filamu kwa msambazaji, anapewa donge la fedha mara moja, anasaini, filamu imeondoka maisha. Ikiuza nakala laki, hapati tena. Ikionyeshwa televisheni miaka kumi, hapati. Ndiyo maana diski zilipokufa na simu zikachukua nafasi, wengi wa nyota wale walijikuta mikono mitupu: walikuwa wameuza kila walichowahi kutengeneza. Ni sawa na mkulima wa mpunga wa Luberizi anayeuza hata mbegu, kisha mvua ikinyesha anakwenda kukopa kwa aliyemuuzia.

Kwa hiyo usiuze filamu. Kodisha. Toa ruhusa ya kuonyesha kwa mwaka mmoja, kwa eneo moja, kwa njia moja, kwa maandishi, na sahihi za mashahidi wawili. Sheria ya Kongo ya hakimiliki ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, na SOCODA imekuwapo tangu 2011 kwa ajili ya kukusanya haki za watunzi. Najua kicheko kitakachozuka Uvira nikitaja SOCODA. Sawa. Lakini karatasi iliyoandikwa vizuri inafanya kazi hata kama ofisi ya Kinshasa imelala, kwa sababu siku mgeni mwenye fedha anapokuja kuitaka filamu yako, anaitafuta karatasi hiyo kwanza. Na ONG ikikuajiri, andika humo kwamba picha ghafi ni zako baada ya mradi. Wakikataa, angalau utakuwa umejua umeuza nini.

Tuje kwa serikali na wenye silaha. Mtu mwenye kamera kwenye barabara namba 5 anasimamishwa na kila mwenye sare. Huyu anataka barua ya wizara, yule anataka barua ya usalama, wa tatu anataka ya chifu, wa nne hajui kusoma barua ila anajua thamani ya kamera. Kila bariyeri ina bei. Kodi hizi zisizo na risiti zimeua biashara nyingi za bonde, na filamu ni ndogo kuliko zote. Naiambia ofisi ya utamaduni ya Uvira: toeni karatasi moja, ya mwaka mzima, yenye bei inayojulikana, inayoheshimiwa kutoka Kamanyola hadi Makobola. Hamtapoteza kitu, maana hivi sasa fedha hiyo haifiki kwenu. Na msitutishe kwa marufuku. Mwaka 2015 Kinshasa ilipiga marufuku filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, ikafedheheka, ikaiondoa marufuku hiyo baada ya wiki chache. Filamu ile ilikuwa na sauti ya Ulaya nyuma yake. Filamu ya mtoto wa Katogota haitakuwa nayo. Ulinzi wake pekee utakuwa umati wa watu waliokwisha kuilipia, wanaoijua, wanaoidai.

Na vita. Sitajifanya kwamba havipo. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu Februari, Kamanyola siku chache baadaye, na watu wa bonde wakavuka Ruzizi kwa maelfu wakaenda kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Burundi. Katika hali hiyo, wengine wananiambia, kuzungumzia kiingilio cha sinema ni utovu wa adabu. Nawajibu hivi: watazamaji wetu hawakufa wote, walihama. Wako Cibitoke na Bujumbura. Wako Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyopokea watu wa Uvira na Fizi tangu 1996, ambamo kuna watu wazima waliozaliwa humo na hawajawahi kuliona ziwa upande wetu. Wako Marekani, Kanada na Australia, walikopelekwa kutoka kambini, wanazungumza Kiswahili na Kifuliiru jikoni, wanatafuta usiku kwenye simu kitu chochote kinachowaonyesha nyumbani. Watu hao wanatuma fedha za matanga na za ada kila mwezi. Dola mbili za kuangalia filamu ya kijiji chao watazitoa, tena watawaita majirani. Hilo ni soko lenye lugha moja, lililotawanyika mabara matatu, na hakuna kampuni ya Hollywood itakayolihudumia. Liko wazi kabisa.

Mtaniambia tuzo je? Matamasha je? Nendeni. Bujumbura wana FESTICAB tangu 2009, ni karibu kuliko Bukavu, pelekeni kazi zenu. Lakini kumbukeni kwamba Mwezé Ngangura, aliyezaliwa Bukavu, alitwaa Farasi wa Yennenga kule FESPACO mwaka 1999 kwa Pièces d'identités, tuzo kubwa kuliko zote katika sinema ya Afrika. Waulizeni vijana kumi mtaani Kalundu kama wameiona filamu hiyo, au wanaweza kuipata wapi. Heshima ya mtu yule ni kamili na mimi naivulia kofia. Tuzo haikujenga kibanda hata kimoja kati ya Bukavu na Uvira, na haikuwa kazi yake kujenga. Ilikuwa kazi yetu.

Wenye ONG, kama kweli mnataka kusaidia, acheni kuagiza filamu. Akina Ilse na Femke van Velzen wa Uholanzi walikwisha kuonyesha kwamba pazia na projekta vinaweza kuzunguka vijiji vya mashariki ya Kongo vikaonyesha filamu hata mbele ya askari. Basi nunueni projekta tano na paneli za jua, mzikopeshe kwa vijana kwa mkataba wa kulipa kidogokidogo, mjiondoe. Msichague hadithi. Msiweke nembo. Mtakapoona filamu inasema jambo lisilowapendeza, jueni kwamba msaada wenu umefanikiwa.

Na ninyi wadogo zangu wa bonde, wenye simu ya kamera na kichwa kilichojaa visa, msinionyeshe tena barua ya kuomba ufadhili. Nionyesheni daftari la viingilio. Wapeni wazee wa Katogota heshima ya kuwasikiliza kabla hawajaondoka, maana aliyekuwa na miaka arobaini mwaka 2000 sasa ana zaidi ya sitini. Kaeni nao, waulizeni wanataka nini kisemwe na nini kibaki ndani ya familia, andikeni mkataba unaowapa fungu lao la mapato, kisha tengenezeni filamu hiyo kwa Kiswahili na Kifuliiru. Ionyesheni kwanza Katogota kwenyewe, kwa kiingilio cha franka 500. Wajane na yatima wa tarehe 14 Mei waingie bila kulipa na waketi mstari wa mbele. Sisi wengine wote tulipe, mimi wa kwanza, na mwenye mabasi yanayopita hapo kila siku alipe mara kumi.